Kristen Nygaard, babu wa objekti, na mlinzi wangu aliyekwamisha foleni ya korosho



Leo sina siasa wala mpira. Nataka niwasimulie maisha ya mzee mmoja wa Norwei aliyefariki mwaka 2002. Wengi wenu hamlijui jina lake, ila kazi yake mnaigusa kila siku. Kila dogo anayekaa hapa kafe akijifundisha PHP, Java au Python lazima afike mahali aandike klasi na objekti. Hayo mambo mawili, kwa sura tunayoyajua leo, yalitoka Oslo, kichwani mwa watu wawili: Kristen Nygaard na mwenzake Ole-Johan Dahl.

Lakini kabla sijamfikia mzee, ngoja nikiri kosa langu, maana ndilo lililonipeleka kwake.

Kwetu ni Msimbati, pale Mnazi Bay, penye visima vya gesi. PHP nimejifunza mwenyewe kwa kulipia saa moja moja kafe. Msimu wa korosho wa 2016 chama kimoja cha msingi (jina nalihifadhi) kikaniomba nikitengenezee programu ya kupokelea korosho. Wazee wa pale walikuwa na kilio kimoja cha siku nyingi: kilo zinabadilika. Unapima leo, unasaini, unakwenda zako nyumbani. Siku ya malipo unakuta kilo zimepungua, au daraja la kwanza limegeuka la pili, na hakuna anayejua nani kafanya.

Mimi nikaona hapa ndipo pa kuonyesha ujuzi. Kila stakabadhi nikaifanya objekti yenye fildi saba: namba, tarehe, jina la mkulima, idadi ya magunia, kilo, daraja na jina la karani. Kwa wasiojua, fildi ni kile kisanduku kidogo ndani ya objekti kinachobeba taarifa moja. Halafu nikaweka mlinzi. Kwenye PHP kuna vitu viwili vinaitwa __get na __set. Ukizificha fildi zako kisha ukaviandika hivyo viwili, mtu akitaka kusoma fildi, PHP haimpi moja kwa moja. Inamuita kwanza __get. Akitaka kubadilisha, inaita __set. Ndani yake unaandika unachotaka. Mimi nikaandika kwamba kila anayegusa chochote jina lake liingie kwenye faili la kumbukumbu: nani, saa ngapi, kaangalia nini, kabadilisha nini.

Nikajiona bingwa. Wazee wakafurahi, nikanunuliwa soda.

Wiki za mwanzo mambo safi. Stakabadhi zilipofika elfu tisa hivi, ndipo mlinzi akaanza kunitia aibu. Piga hesabu mwenyewe: stakabadhi 9,000 mara fildi 7 ni kugonga mlango mara 63,000 kwa ripoti moja tu. Na kila mlango ukigongwa, mlinzi anafungua faili, anaandika, anafunga. Ripoti iliyokuwa inatoka kwa kufumba na kufumbua ikawa unaiwasha, unakwenda kula wali na samaki, unarudi, bado inazunguka. Kompyuta ilikuwa moja, tena kuukuu. Ripoti ikizunguka, kupima kunasimama.

Siku moja wingu likafunga. Watu wamekaa juu ya magunia, foleni imefika barabarani. Korosho ikilowa inashuka daraja, na daraja likishuka ni ada ya mtoto hiyo. Karani wa mzani, mtu mzima kuliko baba yangu, akaninyamazia tu. Akavuta daftari lake la zamani, akachomoa kalamu sikioni, akaanza kuandika kwa mkono. Foleni ikasogea. Aibu niliyoiona siku ile, we acha tu.

Usiku ule nikaja mjini, nikakaa kafe mpaka wanafunga, nikitafuta kwa nini kugusa fildi kunaweza kuwa ghali namna ile. Ndipo nikakutana na mzee Nygaard.

ALIANZIA KWENYE KUHESABU

Kristen Nygaard alizaliwa Oslo tarehe 27 Agosti 1926. Mwaka 1948 akaingia taasisi ya utafiti ya jeshi la Norwei. Wakati huo Norwei ilikuwa inajenga mtambo wake wa kwanza wa nyuklia, na kuna hesabu zilihitajika ili kujua vyuma vya urani viwe na unene gani. Kompyuta hawakuwa nayo. Kulikuwa na vijana na mashine za mezani za kujumlisha na kuzidisha.

Nygaard na wenzake wakaona zile hesabu za kawaida ni mzigo. Wakageukia njia ya kubahatisha kwa utaratibu: unachukua chembe moja, unaifuata hatua kwa hatua, kila hatua unatumia namba za bahati kama mtu anayerusha dadu, halafu unarudia mara nyingi sana mpaka picha nzima inajionyesha. Njia hiyo inaitwa Monte Carlo. Aliifanyia hata tasnifu yake ya shahada ya uzamili ya hesabu, Chuo Kikuu cha Oslo, mwaka 1956.

Shikeni hapo, maana ndipo mbegu ilipo. Kijana huyu alizoea kuutazama ulimwengu kama vitu vinavyotembea, vinavyosubiri, vinavyogongana. Miaka ya 1950 akahamia kwenye utafiti wa shughuli za jeshi, na kijana mwingine, Ole-Johan Dahl, aliyezaliwa mwaka 1931, akawa naye hapo hapo. Dahl alikuwa mpole na fundi wa ndani ya mashine. Nygaard alikuwa mtu wa maneno mengi, mwili mkubwa, mbishi, haogopi kikao. Mmoja anaota, mwingine anafanya ndoto iwake.

FOLENI KWENYE DARAJA

Mwaka 1960 Nygaard akahamia Kituo cha Kompyuta cha Norwei, pale Oslo. Alikuwa anachoka na jambo moja: ukitaka kuigiza kwenye kompyuta jinsi kiwanda au bandari inavyofanya kazi, huna lugha ya kuielezea. Tarehe 5 Januari 1962 akamwandikia barua mwenzake wa Ufaransa kwamba anaandaa lugha ya kuigiza mifumo. Lugha hiyo ndiyo ikaja kuitwa Simula.

Mwaka huo huo wa 1962 kampuni ya UNIVAC ya Marekani ilikuwa inatafuta soko Ulaya kwa kompyuta yake mpya, UNIVAC 1107. Nygaard akasafiri kwenda kuiona, na akarudi na mapatano: kituo chao kitapata mashine kwa bei nafuu sana, na wao wataitengenezea Simula. Fikiria, lugha bado ni makaratasi, mzee kashaiuza! Mashine ikafika Oslo Agosti 1963. Dahl akakaa chini na kompaila, na Simula ya kwanza ikafanya kazi mwishoni mwa 1964.

Mfano waliokuwa wanauchambua sana ulikuwa foleni ya magari kwenye daraja la kulipia: malori, mabasi na magari madogo. Sisi wa huku tuuhamishie Kilambo, pale Ruvuma, kwenye kivuko cha kwenda Msumbiji. Lori lina uzito na mzigo. Basi lina abiria. Pikipiki ina kichwa ngumu. Lakini vyote vina mambo ya pamoja: vyote vinafika, vinapanga foleni, vinasubiri zamu. Kwa nini uandike habari za foleni mara tatu? Andika mara moja, kwenye gari kwa ujumla, halafu lori na basi virithi, viongeze vya kwao.

Wazo hilo la kurithi likawaiva kati ya mwisho wa 1966 na mwanzo wa 1967, wakati wakisoma kazi za Mwingereza Tony Hoare kuhusu rekodi. Mei 1967 wakaileta Simula 67 mbele ya mkutano wa wataalamu, Lysebu, nje kidogo ya Oslo. Klasi, objekti, urithi: vyote viko mezani. Mwaka 1967! Mtwara yetu hapa bado inasafirisha korosho kwa vitabu vya mkono.

SASA TUINGIE NDANI YA FILDI

Hapa ndipo paliponifungua macho, na naomba mnivumilie kidogo.

Kwenye Simula 67, ukishika objekti, unasema mapema ni ya klasi gani. Kwa hiyo kompaila, kabla programu haijaanza kukimbia, inajua fildi ya uzito iko hatua ngapi kutoka mwanzo wa objekti. Kusoma fildi ni kwenda mwanzo wa objekti, kuhesabu hatua, kuchukua. Kinachoongezeka ni kuhakikisha tu kwamba objekti ipo kweli na hujashika hewa. Na lori likirithi gari, fildi za gari zinakaa mbele, za lori zinafuata nyuma. Hatua hazibadiliki. Ukimshika lori ukamwita gari, uzito uko pale pale. Hiyo ni akili kubwa sana, na ni ya bei rahisi kwa mashine.

Lakini ina gharama yake. Mlango uko wazi. Yeyote anayeishika objekti anaweza kuweka nukta, kuandika jina la fildi na kubadilisha. Kwa lugha ya ghala: magunia yamepangwa vizuri, unalifikia gunia lako kwa sekunde, ila geti halina mtu. Ndiyo maana miaka ya 1970 Simula ikaongezewa njia ya kuficha na kulinda fildi.

Upande wa pili wakatokea watu wa Smalltalk, Marekani, akina Alan Kay, waliochota kwenye Simula na kwenda nayo mbali. Kwao fildi ni siri ya objekti. Aliye nje haingii. Anatuma ujumbe, na objekti yenyewe inaamua itajibu nini. Ni salama, na inakupa uhuru wa kubadilisha ndani bila kumsumbua wa nje. Ila kila ujumbe mashine inabidi itafute nani wa kuujibu, na kutafuta kunakula muda.

Na Simula yenyewe haikuwa nyepesi kila mahali. Kijana wa Denmark, Bjarne Stroustrup, akiwa Cambridge kwa shahada ya uzamivu, aliandika programu yake ya kuigiza kwa Simula. Alipenda jinsi ilivyompangia mawazo, lakini ilipokimbia kwenye mashine kubwa ya chuo, muda mwingi uliishia kwenye kukusanya objekti zilizotupwa kwenye memori. Ikabidi aiandike upya kwa lugha ya chini, ngumu, isiyo na raha. Maumivu yale ndiyo yalimfanya mwaka 1979, akiwa Bell Labs, aanze kuweka klasi za Simula juu ya lugha ya C. Ndiyo C++ hiyo.

Kwa hiyo ugomvi wangu wa korosho ulikuwa ugomvi wa zamani sana: ukiweka mlinzi unapoteza kasi, ukimwondoa unapoteza ulinzi. Kila lugha imechagua pa kusimama. Java inakuruhusu kuweka mlango mdogo wa kusomea fildi, na mashine yake, ikiona mlango huo unapitwa mara nyingi na ndani hamna kitu kizito, inauondoa kimya kimya na kuipachika fildi yenyewe pale pale. Mlinzi yupo kwenye karatasi, kwenye njia hayupo. Python inakupa walinzi wa aina mbili: __getattr__ anaamka pale tu fildi ilipokosekana, na __getattribute__ anasimama kila unapogusa chochote. Ukimchagua huyo wa pili bila sababu, utalia.

Mimi nilimchagua wa kila mahali, tena nikampa daftari la kuandika. Shida haikuwa PHP. Shida ilikuwa mimi.

NUSU YA PILI YA MAISHA YAKE

Ningeishia hapo ningekuwa nimepata nusu ya mzee. Nusu nyingine ndiyo iliyonimaliza.

Nygaard aliona mapema kwamba hizi programu za kuigiza kazi zinatumiwa na mabosi kupanga kazi za watu ambao hawakuulizwa. Lugha aliyoitengeneza yeye ilikuwa inasaidia kumwondolea fundi usemi kwenye karakana yake. Wengine wangesema si kazi yangu, mimi nimetengeneza kisu tu. Yeye akaenda kwa wafanyakazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaanza mradi na chama cha wafanyakazi wa chuma na vyuma vya Norwei. Hakwenda kuwafundisha wakae kimya. Walikaa pamoja, wakaandaa hata vitabu vya kusoma, ili mfanyakazi wa kawaida aelewe kompyuta inayokuja kazini kwake itafanya nini na yeye ana haki gani ya kuibadilisha.

Kazi ile ilizaa matunda. Mwaka 1975 yakapatikana makubaliano ya kitaifa kati ya vyama vya wafanyakazi na waajiri kuhusu matumizi ya kompyuta kazini, na sheria ya mazingira ya kazi ya mwaka 1977 ikaweka haki ya mfanyakazi kuhusishwa. Toka hapo nchi za Scandinavia zikajulikana kwa mtindo wao: mfumo unabuniwa pamoja na atakayeutumia.

Hili limetufikia mpaka huku, na wengi hawajui. Chuo Kikuu cha Oslo, ambako Nygaard alikuwa profesa, ndicho kilichokuza mradi wa taarifa za afya ulioanzia Afrika Kusini baada ya 1994, ukiwa umelelewa kwenye mtindo huo huo wa kukaa na watumiaji. Ndani yake ikazaliwa programu ya DHIS2, iliyoandikwa kwa Java, lugha iliyobeba damu ya Simula. Kenya ikaisambaza nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania nayo ikaichukua. Ukienda zahanati yoyote ya Mtwara vijijini utamkuta nesi anajaza vitabu vya MTUHA. Zile namba za chanjo na za kina mama wajawazito zinapanda wilayani na kuingizwa humo. Mzee wa watu alifariki bila kuiona Msimbati, lakini kliniki ya Msimbati inahesabiwa kwa objekti.

Siasa nayo hakuiacha. Alikuwa kwenye uongozi wa chama cha kiliberali, mwaka 1971 akahamia chama cha wafanyakazi. Mwaka 1990 akawa kiongozi wa vuguvugu la kupinga Norwei kuingia Umoja wa Ulaya, likakua mpaka kuwa na wanachama zaidi ya laki moja kwenye nchi yenye watu milioni nne na kidogo. Tarehe 28 Novemba 1994 wananchi wakapiga kura, na waliokataa wakashinda kwa asilimia 52.2. Unaweza kukubaliana naye au usikubali, hilo si hoja yangu. Hoja ni kwamba mtu wa kompyuta hakujifungia chumbani.

NILIVYORUDI KWA KARANI

Nilipomaliza kusoma habari hizi nikajiuliza swali moja dogo: hivi yule karani niliwahi kumuuliza kitu? Sikuwahi. Wazee walinieleza kilio, mimi nikakimbilia kwenye kompyuta.

Kesho yake nikarudi, nikasalimia, shikamoo mzee, nikamwomba anieleze stakabadhi inavyoishi toka asubuhi mpaka malipo. Akanisogezea gunia nikae, akanieleza taratibu kama anamweleza mjukuu. Jina la mkulima linaandikwa mara moja, halibadiliki tena, ila linasomwa kutwa nzima. Tarehe vivyo hivyo. Vinavyobadilika ni viwili tu: kilo, pale inapobidi kupima upya, na daraja, pale wakaguzi wanapokataa gunia. Tena hivyo havibadiliki zaidi ya mara moja au mbili. Na wizi, akasema, haupo kwenye kusoma. Hakuna mkulima aliyewahi kuibiwa kwa sababu mtu kasoma kilo zake. Kaibiwa kwa sababu mtu kaziandika.

Jamani! Dakika kumi za kukaa juu ya gunia zikanipa nilichokosa kwenye miezi mitatu ya kuandika kodi.

Nikafumua. Mlinzi wa kusoma nikamfukuza kazi; kusoma kukawa moja kwa moja. Kilo na daraja nikazifungia ndani, hazibadiliki mpaka upite kwenye mlango mmoja unaoandika nani, lini, ilikuwa ngapi, imekuwa ngapi. Jumla za ripoti nikaiachia hifadhidata ijumlishe yenyewe, badala ya kuziamsha objekti elfu tisa kila jioni. Ripoti ikarudi kuwa ya kufumba na kufumbua. Faili la kumbukumbu, lililokuwa limejaa takataka mpaka hakuna anayelisoma, likawa fupi, na mwenyekiti akawa analibandika ubaoni kila Ijumaa. Mkulima anasoma mwenyewe: kilo za fulani zimebadilika, kabadilisha fulani.

Nisiwadanganye, nilipoteza kitu. Siku hizi nikiulizwa nani aliangalia stakabadhi fulani Jumanne, sina jibu. Na majina niliyaacha wazi, kwa hiyo kijana atakayerithi kodi yangu anaweza kuharibu jina bila mlango wowote kulia. Tulikaa na wazee tukakubali hasara hiyo tukiijua. Kwangu hiyo ndiyo tofauti: mwanzo niliwachagulia mimi, mara ya pili walichagua wenyewe.

Kwa mnaoanza leo mna raha. PHP 8.4, iliyotoka Novemba 2024, inaruhusu kumfunga mlinzi kwenye fildi moja tu, na kwa kubadilisha tu, bila kugusa kusoma. Ningekuwa nayo mwaka ule nisingepata aibu. Au labda ningeipata tu, maana kabla ya kumuuliza karani nisingejua nimfunge kwenye fildi ipi.

MWISHO WA MZEE

Februari 2002 ikatangazwa kwamba Dahl na Nygaard wamepewa tuzo ya Turing ya mwaka 2001, ile kubwa kuliko zote kwenye kompyuta. Ilikuja kwa kuchelewa, miaka zaidi ya 30 baada ya Simula 67. Dahl akafariki tarehe 29 Juni 2002. Wiki sita baadaye, tarehe 10 Agosti, Nygaard naye akaondoka kwa moyo, zikiwa zimebaki siku chache afikishe miaka 76. Walianza pamoja, wakamaliza karibu pamoja.

Mpaka anakufa alikuwa na mradi mkononi wa kuwafundisha vijana kuandika programu. Alichukia kuanza na vimifano vidogo visivyo na maisha. Alipenda mwanafunzi aanze na kitu kizima chenye vurugu zake, kama mgahawa: mhudumu, mpishi, mteja, meza, oda zinazogongana. Kwa hiyo wewe uliyekaa hapo kafe unasubiri ukurasa ufunguke, mfano wako uko mbele yako. Nani anasubiri? Nani anasoma tu? Nani anabadilisha? Na yule wa kaunta, umemuuliza?

Yule karani wangu alishastaafu. Daftari lake ameniachia, lipo nyumbani Msimbati. Kila nikitaka kuweka mlinzi mahali, nalifungua kwanza naangalia safu zake: zile alizofutafuta kwa kalamu ni mbili tu, nyingine zote safi.

Haya wadau, nawasilisha. Mnaoandika kodi mniambie hapo chini kwenye maoni mlinzi wenu mmemweka wapi na amewagharimu nini. Na kama kuna niliyemkosea kwenye Java, wajuvi mnisahihishe kwa upole. Tupo pamoja.